Mume Aliyeingia Ukewenza na Tawi

"Kwa huzuni isiyopimika, Kampuni pamoja na matawi yake yote duniani inatangaza kuondokewa na mnufaika wake mpendwa, mzee wetu, aliyefika mlangoni petu akiwa hajawahi kugusa kompyuta, na aliyetutoka akiwa na dunia yote mikononi mwake."

Tangazo hilo lilibandikwa Jumatatu asubuhi kwenye kioo cha Tawi, mlango wa mbele, na wapita njia walisimama kulisoma wakitikisa vichwa. Familia inalishukuru Tawi kwa maneno hayo mazuri, na kwa viti vya plastiki mnavyokalia sasa hivi. Inaomba tu kusahihisha jambo moja kabla mwili haujashushwa. Marehemu alikuwa mkurugenzi wa chuo cha kompyuta. Cheo alijipa mwenyewe, hilo halina ubishi, lakini chuo kilikuwepo.

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mkurugenzi, alizaliwa tarehe 3 Juni 1962 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, nyumba ya mwisho kabla ya uzio, chumba cha nyuma. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa fundi wa karakana ya reli. Dada yake mkubwa, aliyekaa hapa mbele, alikuwa na miaka mitano siku ile, na anasema aliyaona mapema. "Wivu ule hakuuokota ukubwani," alisema juzi familia ilipokaa kuandaa maneno haya. "Alikuja nao. Tukigawiwa chungwa, yeye alikula lake huku anaangalia langu."

Alianza shule ya msingi mwaka 1969, ile iliyo nyuma ya kituo cha treni, akamaliza sekondari mwaka 1979. Mwaka uliofuata alijiunga na chuo cha uhazili akiwa mwanamume pekee darasani. Wakati ule mwalimu alifunika mikono ya wanafunzi kwa kitambaa ili wajifunze kupiga chapa bila kutazama herufi. Chini ya kitambaa marehemu alikuwa hodari. Tatizo lilikuwa shingo. Mtihani wa kupiga chapa hauna jibu la kuibia, lakini yeye alichungulia karatasi ya jirani mwanzo hadi mwisho, akitaka tu kujua mwenzake amefika wapi.

Aliajiriwa mwaka 1981 kuwa mpiga chapa katika ofisi ya mizigo ya reli, akadumu hapo mpaka 1995, reli ilipoleta kompyuta na kuwaaga wapiga chapa kwa hotuba fupi. Wenzake walilia. Marehemu alikwenda kuitazama hiyo kompyuta iliyochukua kiti chake, akaizunguka kama mtu anayekagua mchumba wa mtu, akasema, "Kumbe ni vidole vile vile." Mwezi Machi 1996 alifungua chuo chake: vyumba viwili juu ya duka la fundi cherehani, chini ya mabati yaliyochoma tangu saa nne asubuhi, na kwenye mlango wa chumba cha pili akaandika kwa rangi nyekundu MKURUGENZI.

Chuo kilikuwa na kompyuta moja na kibodi kumi na mbili. Huo haukuwa upungufu, ulikuwa mfumo. Mwanafunzi alianza na kibodi isiyounganishwa popote, waya wake umefungwa kwenye mguu wa meza, na hapo alibonyeza wiki baada ya wiki mpaka Mkurugenzi aridhike. Kompyuta yenyewe ilifunikwa kitambaa cha mezani na ilifunuliwa kwa waliostahili.

"Sasa mwanangu anaandika nini?" mzazi mmoja aliuliza.

"Anaandika vidole," alijibu marehemu. "Maneno yatafuata."

Alizunguka nyuma ya wanafunzi mikono mgongoni, kichwa kimeinama, akidai kwamba anaisikia herufi iliyokosewa. Kwa kuwa hapakuwa na kioo cha kuonyesha kilichoandikwa, hakuna aliyewahi kumbishia.

Mwaka 1997 alipanda ngazi zile msichana mmoja mwenye swali. Alibonyeza siku mbili, akasimama, akauliza mbele ya darasa, "Hiyo iliyovikwa kitambaa ni ya nani?"

"Ni ya atakayevumilia," alisema Mkurugenzi.

Akavumilia. Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1998, na mwaka 2000 wakajaliwa binti yao wa pekee. Mke akawa msajili wa chuo, mhasibu wake, na mtu pekee mtaani aliyemwita mumewe Mkurugenzi bila kucheka. Mengi yanayofuata ni yake. Familia ilishika kalamu tu.

Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga, na mwaka 2011 mgeni akaja. Kampuni kubwa ya kutengeneza programu za kompyuta, yenye ofisi katika nchi nyingi, ilivunja ghala la rangi lililotazamana na chuo, ikasimamisha jengo la vioo la ghorofa sita. Mtaa ukaliita Tawi, na hakuna aliyeuliza mti wenyewe uko wapi. Humo ndani watu waliitana kwa majina ya kwanza, kuanzia mfagizi mpaka bosi, na walipigiana makofi kwa lolote. Mtu akimaliza kazi, makofi. Akianza nyingine, makofi. Mgeni akiuliza choo kiko wapi, makofi machache ya kumtia moyo.

Kwa jamii, Tawi lilifanya mengi na familia haitayaficha. Liliweka bomba la maji ya kunywa nje ya lango. Liligawa fulana mpaka ikawa mtoto akipotea haisaidii kutaja nguo aliyovaa. Na kila mwaka, Siku ya Kujitolea, wafanyakazi wote walitoka na brashi kwenda kupaka rangi ukuta wa shule ile ile aliyosoma marehemu. Ukuta ulikuwa mmoja tu, wa mashariki, kwa sababu jua la asubuhi liliufanya utoke vizuri kwenye picha. Zile kuta nyingine hazikuguswa. Rangi ilipandiana juu ya rangi mpaka madirisha ya darasa la nne yakagoma kufunga, na mwalimu mkuu alipokwenda kulalamika alirudi amevaa fulana.

Mwaka 2013 Tawi lilitafuta ofisa wa mahusiano ya jamii, mtu anayeujua mtaa. Bosi wa Tawi alivuka barabara mwenyewe. Marehemu alipomwona kupitia dirishani anapanda ngazi za fundi cherehani, alifungua droo, akatoa tai, akaifunga. Bosi akaingia, akamsalimia kwa adabu, akazisifu kibodi, kisha akamgeukia msajili.

Tai ile alikaa nayo mpaka jioni. "Nenda," alimwambia mkewe walipokuwa wanafunga madirisha. "Si umeitwa."

"Nikienda utasema nimekukimbia."

"Mimi nitasema nini? Mimi ni jirani tu."

Akaenda. Na marehemu, asiyekuwa mtu wa kusema, kesho yake tu alikuwa amekwisha kusema kwa kinyozi: "Mimi ndiye mwanamume wa kwanza mtaa huu kuingia ukewenza. Na mwenzangu ana ghorofa sita."

Hapo ndipo alipoanza kukung'uta vumbi. Mbele ya chuo palikuwa na kibaraza chembamba kilichotazama Tawi. Kila asubuhi na kila mchana marehemu alitoka na kibodi, akaiinamisha kwenye ukingo, akaipiga mgongoni taratibu kama mama anayemcheulisha mtoto, macho yakiwa ng'ambo kwenye vioo. Kibodi za chuo kile zilikuwa safi kuliko sahani za nyumbani kwake.

Nyumbani nako hapakukalika. Mke alirudi na maneno mapya. Akisema "timu yetu", marehemu aliuliza timu hiyo inacheza lini na nani. Siku moja, kwa mazoea ya kazini, alimwita mumewe kwa jina lake la kwanza, na marehemu akageuka kutazama mlangoni kuona nani ameingia. Akisimulia kwamba bosi amesifu kazi yake, marehemu alisema, "Wale si wanasifu hata chooni?" Mke alicheka, kisha akaacha kucheka, kisha akaacha kusimulia.

Mwaka 2016 Tawi lilianzisha darasa la bure la kompyuta kila Jumamosi, kila mwanafunzi na mashine yake, tena iliyounganishwa. Wanafunzi wa Mkurugenzi walianza kuugua siku za Jumamosi. Ndipo mke akaona jambo geni: mumewe naye alianza kutoweka Jumamosi. Alioga, akajipaka mafuta, akasema anakwenda kwa kinyozi. Jumamosi ya kwanza mke hakutilia maanani. Ya pili akakumbuka kwamba mumewe ana upara.

Alikwenda kwa kinyozi mwenyewe. "Shemeji," kinyozi alisema, huku anafuta kiti kisichokuwa na vumbi, "kichwa kile mimi nilishakiaga zamani."

Mke alirudi nyumbani akanusa mashati. Yalinukia maua, na maua yale aliyajua: ilikuwa sabuni ya mikono ya Tawi. Basi mwanamke huyo ni wa kazini kwake. Wiki nzima alipita meza kwa meza akitabasamu, anawakagua. Yule wa uhasibu ana cheko la ovyo. Yule wa mapokezi ana macho. Alimwonea wivu hata mama wa usafi, ambaye alikuwa na miaka sitini na alimletea chai kila siku.

Wiki iliyofuata mpiga picha wa Tawi alimletea mezani picha za darasa la Jumamosi achague moja. Makao Makuu walikuwa na bango lao, maneno yake yamekwisha kuandikwa, yale yale kwa nchi zote. Tawi lilitakiwa kutoa sura tu. Mke alizipitia, na katikati yao akamkuta mumewe, mstari wa mbele, mbele ya mashine iliyowashwa.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi, kama alivyokuja kukiri baadaye. Alikwenda kupeleleza, ajionee mwenyewe wanavyofundisha upuuzi. Msichana aliyeandikisha wanafunzi wa Tawi akamuuliza mlangoni, "Baba, umewahi kugusa kompyuta?" Naye akajibu, "Hapana," maana mpelelezi haanzi kazi kwa kusema kweli. Wakamkalisha. Wiki ya pili akajisahau, akaandika sentensi nzima bila kutazama herufi. Mwalimu akasimamisha darasa. "Jamani, mwangalieni baba yetu huyu. Wiki ya pili tu." Ukumbi mzima ukapiga makofi. Marehemu alikuwa amefundisha miaka ishirini na hakuwahi kupigiwa makofi hata mara moja. Kwake mikono yote ilikuwa kwenye kibodi.

Picha ilipigwa hapo.

Mke alipoiona, kwanza alishusha pumzi. Hakuna mwanamke. Halafu akaitazama tena, na gere ikampanda upya, kali kuliko ile ya mashati, kwa sababu mumewe alikuwa anacheka. Meno yote nje, macho yamefumba. Kicheko kile hakukiona tangu binti alipopiga hatua zake za kwanza. Kumbe anacho. Kumbe anakipeleka kwa watu.

Akaichagua picha ile.

Bango lilipandishwa Jumatatu tarehe 7 Novemba 2016, kutoka ghorofa ya tatu mpaka ya sita. Marehemu alitoka kibarazani na kibodi yake ya asubuhi, akakutana na meno yake mwenyewe, kila jino kama mlango, na chini yake maneno haya: HAKUWAHI KUGUSA KOMPYUTA. LEO DUNIA IKO MIKONONI MWAKE. Fundi cherehani alisema alisikia kitu kimeanguka huko juu. Ilikuwa kibodi. Dada yake alifika kabla ya saa sita. "Mdogo wangu," alisema, "nimekuona tangu kituo cha basi. Umenenepa."

Jioni ile binti alipelekwa kwa shangazi yake, na majirani walizima redio zao ili wasipitwe.

"Umenivua nguo mbele ya mtaa mzima," marehemu alisema.

"Nguo ulivua mwenyewe pale mlangoni. Nani aliulizwa kama amewahi kugusa kompyuta, akasema hapana?"

"Nilikuwa napeleleza."

"Ulikuwa unapigiwa makofi."

Marehemu alikwenda akafunga dirisha. "Picha zilikuwa nyingi?"

"Nyingi."

"Ukaona hiyo."

"Hiyo ndiyo unayocheka. Mume wangu, tunaelekea mwaka wa kumi na nane, picha ya hivyo mimi nyumbani sina."

Marehemu alikaa kitandani, akavua kiatu kimoja. Mke akaona sasa au basi. "Niambie kitu kimoja tu. Kila siku uko pale kibarazani na makibodi yako. Unanionea wivu mimi, au unalionea wivu Tawi? Kama ni mimi, kesho naacha kazi, narudi kwenye kitambaa chako. Kama ni Tawi, nyamaza, nifanye kazi yangu."

Akanyamaza, akavua kiatu cha pili. Na hapo ndipo taabu ilipoanzia, kwa sababu kunyamaza huko kungeweza kuwa jibu, na kungeweza kuwa kununa tu, na kwa marehemu mambo hayo mawili yalikuwa na sura moja. Mke hakuacha kazi. Lakini tangu siku ile, kila asubuhi alivuka barabara akiyahisi macho mgongoni, asijue yanamtazama yeye au mlango anaouingia. Mwanamke anaweza kuishi na wivu wa mumewe. Wengine huutia kwenye chai. Kuishi na wivu usiojua ni wa nani ni kama kupigiwa hodi kila siku na mtu ambaye huenda amekosea nyumba.

Kila mtu alijua chuo kitakufa. Chuo kikajaa. Wazazi waliliona bango, wakaulizia huyo mzee, wakaambiwa ana chuo hapo hapo ng'ambo, na wakasema kwamba kama yeye ameanzia sifuri akafika kufundisha, basi hata mtoto wao, pamoja na kichwa chake kile, ana matumaini. Marehemu hakuwasahihisha. Alisema si tabia yake kubishana na maandishi makubwa. Bosi wa Tawi alipopata kuambiwa ukweli, alivuka tena barabara kuomba radhi na kuahidi kuliondoa. Marehemu alilitazama bango kwa muda. "Liacheni," alisema. "Mashavu yametoka vizuri." Mwaka 2018 Makao Makuu yalimwondoa, yakamweka msichana wa nchi nyingine kabisa, na marehemu alimchukia msichana yule kwa moyo wake wote. "Hana hata mkao," alisema, huku anakung'uta.

Mwaka 2021 miguu ilianza kuvimba na pumzi kukatika kwenye ngazi. Daktari alieleza kwamba moyo umetanuka. "Ulihitaji nafasi," alisema dada yake. Chuo kilifungwa Desemba 2022. Kibodi tatu marehemu alikuja nazo nyumbani, akazikung'uta dirishani, ingawa ng'ambo ya dirisha lile palikuwa na ukuta.

Tarehe 28 Agosti 2024 alilazwa, wadi ya wanaume, kitanda cha karibu na mlango, ambacho hakukipenda kwa sababu mwenzake alipewa cha dirishani. Watu wa Tawi walikuja kumtazama wakiwa na fulana zao. Bosi alisimama miguuni pa kitanda, akasema maneno ya kugusa moyo kuhusu safari ya mzee, na wote wakapiga makofi. Muuguzi alitoka mbio chumba cha dawa. "Hapa hatupigi makofi," alisema. "Wagonjwa watadhani kuna aliyepona." Marehemu alicheka, meno yote nje, na mke aliyekuwa ameshika chupa ya maji aliiweka chini ili aone vizuri.

Alifariki dunia siku ya Ijumaa, tarehe 13 Septemba 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili.

Ameacha mjane, binti mmoja, mjukuu mmoja wa kike, dada mkubwa asiyechoka kusema, na jirani mmoja mwenye ghorofa sita. Familia inamwombea alale kwa utulivu katika sehemu yake mwenyewe, bila kuchungulia wa pembeni kachimbiwa vipi.

Ingefaa kuishia hapo, ila mjane ameagiza lisomwe na la Alhamisi, siku moja kabla, kwa sababu wapo waliomuuliza kwa upole, na wapo waliouliza kwa pembeni.

Mchana ule wadi ilikuwa imetulia. Dada alikuwa upande mmoja, binti upande wa pili. Mke alivuta kiti mpaka magoti yakagusa kitanda. "Mkurugenzi," alisema, "miaka minane iliyopita nilikuuliza kitu ukavua kiatu. Leo huna kiatu. Pale kibarazani. Ulikuwa unanionea wivu mimi, au ulikuwa unalionea wivu Tawi? Sema, baba, nisije nikabaki naiuliza picha."

Marehemu alifumbua macho. Aliutafuta mkono wa mkewe juu ya shuka, akaupata, akauvuta polepole mpaka juu ya kifua chake, akaubana hapo kwa mikono yote miwili. Dada aliinama kusikia. Binti alianza kulia. Mke naye alikuwa amekwisha kuinua upande wa kanga.

"Mlikuwa na kiyoyozi," alisema.